Kubadili jina la boti Dar: fundi wa brashi, stika za Kariakoo au mchongaji?

Anayenunua mashua iliyotumika pwani ya Dar huulizwa jambo moja kabla hata hajamaliza kulipa: jina utaliacha au utalibadili? Nahodha anayeuliza hivyo hatanii. Imani iliyozoeleka ni kwamba chombo kikishashushwa majini kwa jina fulani, bahari imekizoea kwa jina hilo, na ukilifuta ovyo unajitafutia mkosi: nyavu zinatoka tupu, injini inazimika penye mkondo, baharia anaumia kwa jambo dogo. Ndiyo maana kazi yenyewe haimhusu mpaka rangi peke yake. Kuna fundi, kuna mwalimu wa kusoma dua, kuna ofisi ya usajili, na wote hao wanalipwa kutoka mfuko mmoja.

Hapa tunapima huduma za aina tatu: mafundi wa brashi wanaopatikana Kunduchi, Msasani na ng'ambo ya Kigamboni, maduka ya stika ya Kariakoo, na wachongaji wachache wanaokata herufi kwenye mbao. Hatumtaji fundi yeyote. Fundi wa ufukweni leo yuko hapa, kesho yuko Mafia, na namba ya simu imebadilika. Bora ujue namna ya kumpima utakayemkuta.

Tuseme hukumu mapema. Mashua ya mbao mpe fundi wa brashi. Stika ni ya boti ya faiba. Mchongaji mwite kwa chombo ambacho huna mpango wa kukiuza. Na kwa yeyote utakayemchagua, sehemu kubwa ya pesa iende kwenye kufuta jina la zamani. Kuandika jipya ni kazi ya asubuhi moja.

Jina lililoandikwa kwa rangi ya mafuta halipotei kwa kupakwa rangi juu yake. Kila herufi ina unene, hasa kama mwenye chombo alikuwa akiirudishia rangi kila mwaka, na ukingo wake unabaki umetuna kama mshono. Saa saba mchana huoni kitu. Jua likishalala upande wa mjini, saa kumi na moja hivi, mwanga unapita ubavuni kwa mshazari, vivuli vya kingo vinatokea, na TAWAKALI ya zamani inasomeka herufi kwa herufi chini ya jina ulilolipia. Baharia akiliona hilo anakataa kupanda. Usimcheke. Kwao chombo chenye majina mawili hakina mwenyewe, na kwa upande wa rangi fundi amekuibia kweli.

Fundi anayejua kazi anaanza na skrepa, akifuata urefu wa ubao, kamwe si kukatiza nyuzi za mbao. Kisha msasa namba 80 uliofungwa kwenye kipande cha ubao bapa, kwa sababu ukisugua kwa vidole tu unachimba mabonde katikati ya herufi na kingo zinabaki pale pale. Ukingo ukishapotea anahamia namba 120, anamalizia na 240. Eneo linalokwanguliwa lizidi herufi kwa upana wa kiganja kila upande, ili rangi mpya isiache pande za mstatili unaotangaza kwamba hapa palifutwa kitu. Kumkagua ni rahisi: rudi usiku na tochi, ilaze karibu na ubao imulike kwa pembeni. Kama bado unasoma, bado hajamaliza.

Baada ya hapo ni maji baridi, maji ya bomba, ndoo kadhaa. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi kuliko zote. Mbao za mashua zimejaa chumvi, na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani hata chini ya rangi. Matokeo yake ni malengelenge, kisha rangi inabanduka kipande kizima na jina likiwa juu yake. Ukisikia mtu analaumu hirizi au kijicho cha jirani kwa jina lililobanduka baada ya mwezi mmoja, muulize kwanza kama ubao uliogeshwa. Ukishaoshwa uachwe juani siku mbili tatu. Kisha praima mkono mmoja, andakoti mkono mmoja, rangi ya mafuta mikono miwili, na kati ya mkono na mkono usiku mzima upite.

Sasa hesabu ya rangi, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Chukua eneo la jina lenye urefu wa mita 2 na kimo cha sentimita 30: ni mita za mraba 0.6, na pande mbili za omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, zinafanya 1.2. Mikono miwili ni 2.4. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika mita za mraba kama 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Kwa hiyo robo lita inatosha, na tina la nusu lita linabakiza ya kurudishia mwakani. Fundi anayekuagiza galoni la lita 4 kwa ajili ya jina ana mlango nyumbani kwake unaosubiri rangi.

Wapo mafundi wanaojisifu kwamba wanabadili jina kati ya maji kupwa na maji kujaa. Waache na sifa zao. Toka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kidogo, na rangi ya mafuta haijakauka vya kutosha hata kwa mkono wa pili. Wazoefu wanafuata mwezi. Chombo kinapandishwa siku ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yakiwa yamejaa kabisa, kinaegemezwa juu kwenye magogo. Bamvua likipita, maji hayafiki tena pale hadi bamvua linalofuata, kama siku 14 mbele. Katikati hapo una zaidi ya wiki ya mbao kavu, na mafundi wengine wanapata nafasi ya kukalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao, na kupaka chini. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, mvua ni chache lakini upepo wa mchana unabeba mchanga na kuubandika kwenye rangi mbichi. Hivyo herufi ziandikwe kuanzia saa mbili asubuhi, umande ukishakauka, na saa tano brashi iwe imeshaoshwa. Masika usipoteze pesa yako.

Kwenye uandishi wenyewe mafundi wa brashi wa Dar ni wazuri, wengine ni wazuri mno. Mzuri anapiga mstari kwa uzi wa chaki kufuata mpindo wa ubao wa juu, hafuati usawa wa ardhi, kwa sababu mashua kwenye mchanga imeegama na ikielea herufi zitaonekana zinateleza. Anaegemeza mkono kwenye fimbo yenye kitambaa kichwani. Kimo cha sentimita 10 kinasomeka vizuri kutoka mita 12 hivi. Kwa chombo kinachotaka kutambuliwa kutoka mbali omba 15 au 20. Kosa la wanaojifunza ni upande wa kulia. Ukisimama nje ukautazama ubavu wa kushoto, omo iko kushoto kwako, na jina linaanzia karibu na omo. Ubavu wa kulia ni kinyume: jina linaishia omoni. Asiyepima kwanza kwenye karatasi anajikuta herufi mbili za mwisho zimebanana kwenye mpindo kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni. Nyeupe juu ya buluu au nyeusi juu ya nyeupe ndizo zinazodumu. Nyekundu inapendwa na ndiyo inayopauka mapema. Kama chombo kina jicho omoni, au mwezi na nyota, elewana na fundi kabla hajagusa msasa, maana wengi huyafuta kwa kudhani ni sehemu ya jina.

Namba ya usajili isiguswe kabisa. Kuna fundi ambaye akishika skrepa hana breki. Jina ni lako, namba ni ya serikali, na chombo kisicho na namba kikikutana na doria kinarudishwa ufukweni. Vilevile usianze kukwangua kabla hujapeleka maombi ya kubadili jina kwenye ofisi iliyokisajili, iwe ya uvuvi au TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), kwa sababu leseni na cheti vikisema jina moja na ubavu ukisema jingine, maelezo utakayotoa baharini hayatasikilizwa.

Tukija kwenye dua, hii nayo ni huduma na ina ubora wake. Kwa kawaida panasomwa Yasini, ubani unafukizwa kuanzia tezi, yaani nyuma ya chombo, hadi omo, watoto wa ufukweni wanakula ubwabwa au halua, na wenye uwezo wanachinja. Wapo pia wanaomwagia omo maji ya kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya aya. Hatuna neno juu ya dua. Tuna neno juu ya ratiba. Chetezo chenye makaa kisiingie kwenye chombo siku ambayo thina imetumika, hasa ndani ya ngama, chini kabisa ya chombo panapokusanyika maji, ambako mvuke wake unatuama chini na hauonekani. Maji ya kombe au ya waridi yakidondokea rangi ya mafuta isiyomaliza siku moja yanaacha madoa mepesi yaliyofifia, na huwezi kuyang'arisha. Fundi na mwalimu wasipoongea, kila mmoja ataharibu kazi ya mwenzake. Utaratibu unaofaa ni huu: kufuta, dua ya kwanza juu ya mbao tupu, rangi, siku mbili kavu, ndipo shughuli ya watu wengi ifanyike na jina jipya litangazwe. Jumatano ya mwisho ya mwezi wa Safar usimtafute mtu. Wazee wengi hawaanzi jambo siku hiyo, na fundi atakayekuja atafanya kazi ufukwe mzima ukimnung'unikia.

Wapo wanaopeleka jina kwa mwalimu wa falaki, yaani elimu ya nyota, kwanza. Kama unakwenda, nenda kabla ya kununua rangi. Herufi za jina zinajumlishwa kwa hesabu ya abjadi, ambapo kila herufi ya Kiarabu ina namba yake, jumla inagawanywa kwa 12, na baki ndiyo nyota. Jina Rahma, kwa mfano: ra 200, ha 8, mim 40, na herufi ya mwisho wengine wanaihesabu he, yaani 5. Jumla 253, toa 252, inabaki 1, nyota ya Hamali, ya kwanza kati ya nyota 12. Mwalimu wa mtaa wa pili anaihesabu ile ya mwisho kuwa te, 400. Jumla inakuwa 648, inagawanyika kwa 12 bila baki, na nyota imehamia Hutu, ya mwisho. Mwenye boti aliyewauliza wote wawili baada ya jina kuandikwa atalipa msasa mara mbili. Chagua mwalimu mmoja ubaki naye.

Watakaokwambia usibadili kabisa watakutajia MV Spice Islander I, iliyozama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikienda Pemba. Ni kweli ilijengwa mwaka 1967 na ilikuwa imebeba majina mengine mawili kabla ya hilo. Lakini MV Skagit, iliyotoka hapa Dar na kuzama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, iliitwa Skagit tangu ikivusha abiria kule Seattle, Marekani, jina halikuguswa. Spice Islander ilizidishiwa watu na mizigo, na Skagit ilitoka siku ya bahari mbaya. Na yupo shahidi wa upande wa pili. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapitia bandari ya Dar ndani ya masanduku, ikasafirishwa kwa reli hadi Kigoma na kuingia majini 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916. Waingereza wakaiinua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Ilizama kwa jina la kwanza, ikahudumu miongo na miongo kwa jina la pili.

Mwiko huu si wa pwani yetu tu. Mabaharia wa Ulaya husema majina ya vyombo yote yamo kwenye daftari la mungu wa bahari, kwa hiyo kila chenye jina la zamani kiondolewe kabla chenye jina jipya hakijapanda. Wenye boti za tanga hapa Msasani wengine wanaufuata hadi leo, na mvinyo unamwagwa majini. Wenye farasi wa Uingereza na Marekani nao wanaamini farasi akibadilishwa jina amebebeshwa kisirani. Kwa farasi wa mbio wa Marekani kanuni yenyewe inafunga mlango: farasi akishakimbia mbio yake ya kwanza jina halibadilishwi tena, na halizidi herufi 18 pamoja na nafasi. Sababu ya kanuni ni kumbukumbu za ukoo na ushindi zisichanganywe. Kwa meli kubwa suala hilo limemalizwa kwa namba ya IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari) ya tarakimu 7, ambayo meli inakaa nayo hata ibadilishwe jina mara kumi. Ukiwa nayo unayapata majina yote ya nyuma. Mashua ya Kunduchi haina namba hiyo.

Haya, stika. Maduka ya Kariakoo yanakata herufi kwa mashine, unachagua mwandiko kwenye kompyuta, na unatoka na jina siku hiyo hiyo. Kwenye faiba ni kazi safi. Malalamiko yetu ni mawili. La kwanza, wauzaji wengi hukupa karatasi nene ya bei ya chini iliyokusudiwa mabango ya muda. Juani hujikunja kingo na kusinyaa. Omba ile nyembamba ya nje ya muda mrefu, na omba seti mbili za kubandika pamoja na moja ya akiba. La pili, duka linauza stika, halikufutii ya zamani, na muuzaji hakutajii hilo mpaka umelipa.

Kuifuta kuna njia yake. Pasha moto kwa draya ya saluni, anza kwenye kona, vuta polepole kwa mshazari ukiwa karibu sana na ubavu, ukivuta kwa nguvu inakatika vipande. Gundi iliyobaki itoke kwa kitambaa chenye tapentaini. Halafu utaona jina bado lipo. Hicho ni kivuli: gelkoti, yaani ngozi ya nje inayong'aa ya faiba, ya pembeni imeliwa na jua miaka yote, iliyokuwa chini ya herufi bado inang'aa. Watu wa dua wanaogopeshwa sana na kivuli hiki, na tumesikia kikiitwa mambo mengi, lakini dawa yake ni msasa wa maji namba 600, kisha 800, kisha 1200, halafu kompaundi ya kung'arishia. Usianze na namba ya chini zaidi. Gelkoti si nene, ukiipita unakutana na nyuzi za faiba. Nta ipakwe baada ya stika mpya kukaa, kamwe si kabla, kwani stika haitashika. Stika nayo inabandikwa juu ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo, inasukumwa kwa kadi kutoka katikati kwenda nje, na boti inakaa nchi kavu saa 24. Kwenye mbao za mashua usijaribu. Mbao zinavimba na kusinyaa kila siku, stika haiwezi kuzifuata.

Mchongaji ndiye ghali na ndiye wa kudumu. Agiza ubao wa jina wa peke yake, mvule au mtiki, herufi zikatwe kina cha milimita 4 hadi 6, ufungwe tezi kwa skrubu za shaba. Skrubu za chuma cha kawaida zitalia machozi ya kutu juu ya jina ndani ya msimu mmoja. Usikubali mtu achonge moja kwa moja kwenye mbao za ubavu: unapunguza unene, maji yanakaa kwenye herufi, na atakayenunua baada yako hawezi kufuta. Ukirithi chombo kilichochongwa hivyo, herufi zijazwe epoksi iliyochanganywa na unga wa msumeno. Puti ya ukutani ikinywa maji inavimba na kudondoka, na jina la zamani linarudi likiwa jeupe zaidi kuliko mwanzo.

Malipo: patana kwa kazi nzima. Anayetoza kwa herufi ana kila sababu ya kuharakisha msasa. Toa theluthi ya kuanzia, theluthi baada ya ukaguzi wa tochi, na iliyobaki rangi ya mwisho ikishakauka. Kwenye mapatano yaingizwe na vitu vidogo vyenye jina la zamani, yaani jaketi okozi, maboya, madumu ya mafuta, makasia, kona ya tanga. Mabaharia watavitaka visafishwe kwa sababu zao, na anayetafuta chombo kilichopotea akiokota boya lenye jina lisilo kwenye orodha atalitupa tu.

Kwa anayenunua: usitegemee jina la ubavuni kukwambia historia. Wapo wanaobadili jina la chombo kilichopoteza watu ili kukiuza haraka. Chukua wembe, kata kidogo kwa mshazari penye jina na penye ubavu wa kawaida, hesabu matabaka ya rangi. Penye jina pakiwa na matabaka mawili na kwingine saba, pamekwanguliwa karibuni. Muulize muuzaji jina la zamani, kisha lilinganishe na cheti, si na maneno yake.